Mabati Sita ya Don Bismark

Cochabamba,
Jumapili, 7 Septemba

Dada yangu Docha,

Shikamoo. Naitoa shikamoo hii nikiwa peke yangu mezani, nimevaa kandambili na koti la jeshi lisilofungika vifungo tena, maana wifi yako Hortensia amekataa katakata nikuandikie nikiwa na fulana. Anasema barua ya dada mkubwa haiandikwi hivyo. Habari za San Plácido? Goti lako la kushoto linasemaje siku hizi, na yule paka mwizi wa jibini bado yupo au hatimaye umempa mtu wa ng'ambo ya mto? Huku kwetu tu wazima. Daktari kaniambia nipunguze nyama ya nguruwe, nami nimeipunguza kwa maneno. Vile vimkate vyako vya jibini na muhogo ulivyotuma na basi vilifika vigumu, lakini hakikubaki hata kimoja, na wifi yako anakushukuru mara mbili, kwa vimkate na kwa kunipa kitu cha kutafuna nikanyamaza.

Barua yako imefika Jumanne. Siku mbili baadaye imefika nyingine yenye muhuri wa baraza la mji na sahihi ya Meya Nelvi Tamo, ambaye nilimwacha binti mdogo anayekimbiza bata, leo ananiita Mheshimiwa. Anasema tarehe tano Oktoba, siku ya sikukuu ya mtakatifu wetu, baada ya misa na kabla ya wacheza ngoma wenye mataji ya manyoya, kiwanja cha ndege kitapewa jina langu. Wameshaagiza kibao cha shaba. Niende nikivue kitambaa, kisha nihutubie. Ameambatanisha orodha ya nishani zangu kumi na moja, zimepangwa kwa mwaka na kwa rangi ya utepe, na mimi nikajua papo hapo orodha hiyo imetoka kwa nani. Mimi mwenyewe nisingeweza kuzitaja zote bila kuchungulia kwenye kabati lako la vioo.

Hilo kabati, Dada. Hortensia hucheka kila akikumbuka tulipokuja Krismasi ile, tukakukuta umewakalisha wauza dawa wawili waliopita njia, umewapa chicha ya mahindi, na unawaeleza nishani moja moja kwa sindano ya kufumia. Wale watu walikuja kuuza dawa ya minyoo. Waliondoka wakijua tarehe niliyopandishwa kuwa Kapteni.

Kwa kuwa watu wa baraza watataka uzisimulie tena siku ya sikukuu, acha leo nizipitie pamoja nawe, maana kuna mahali nataka kufika na sitaki kufika haraka. Rafu ya juu kabisa yapo mabawa yangu ya chuo. Nilivishwa nikiwa na suruali uliyonishonea wewe kwa cherehani ya Mama, mguu mmoja mrefu kuliko mwingine, na wenzangu wa kutoka La Paz wakaniita Mguu na Nusu hadi tulipohitimu. Sikuwahi kukuambia hilo. Nilikuambia imenikaa sawasawa.

Inafuata ile ya saa elfu moja angani. Wageni wako hudhani saa elfu moja ni vita na mabomu. Mia tisa kati ya hizo nilikuwa nabeba nyama. Alfajiri tunatua kwenye ranchi, ng'ombe wamechinjwa hivi punde, mapande yamefungwa kwenye shuka, tunapakia kabla jua halijachachamaa, na saa mbili baadaye tuko El Alto, juu ya La Paz, kwenye baridi, wachinjaji wanatungoja na mikokoteni. Ndege ya jeshi letu ilinuka kama bucha, nami pia. Kwenye dansi kule La Paz wasichana waliniuliza kama mimi ni mchinjaji, nikasema mimi ni rubani, wakacheka wakaenda kwa wengine. Hortensia peke yake aliuliza mbavu zinapatikana lini. Siku ya kuposa nilikwenda na mbavu nzima begani, na baba yake hakuwa na swali jingine.

Ile ya utepe wa kijani alinipa Askofu kwa kuizungusha sanamu ya Bikira kwenye miji tisa. Tulimkalisha kwenye kiti, tukamfunga mkanda. Juu ya milima tukakutana na dhoruba iliyotutupa chini mita mia mbili kwa mara moja, na fundi wangu, Sajenti Fortunato Choque, akapiga magoti mbele ya Bikira akasali rozari yote, kisha akafungua kidirisha akamwagia Mama Ardhi pombe kidogo. Nilipomuuliza imani yake ni ipi hasa, alinijibu kwamba tulikuwa na mgeni ndani na mwenyeji nje, na yeye hakulelewa kuwakosea adabu wakubwa wawili kwa siku moja.

Ile yenye nyota nilipewa kwa kupeleka bendi ya jeshi mpakani siku ya uhuru. Wanamuziki thelathini na wawili, na wote walitapika. Lile tarumbeta kubwa kuliko yote lilitumika kwa kazi ambayo halikuundiwa. Hata hivyo walishuka, wakajipangusa, wakapiga wimbo wa taifa mpaka mwisho, na jenerali aliguswa sana, akanipa nishani mimi badala yao. Ya miaka ishirini ya mwenendo mwema maana yake ni kwamba hawakunikamata. Nyingine ni za kukaa tu, mtu akikaa jeshini muda wa kutosha humwagikia zenyewe.

Inabaki ile ya katikati, yenye utepe mweupe na mwekundu, uliyoitenga peke yake kwenye kitambaa cha mahameli. Nishani ya Ushujaa wa Anga. Hapo wewe huweka sindano chini. Nimekusikia mara nyingi nikiwa jikoni najifanya nakunywa maji. Huwaambia wageni, "Tulikuwa tumebaki juu ya kiwanja tu, maji yametuzunguka, siku ya pili hatujala. Mdogo wangu akasikia tunaita, akageuza ndege. Wengine walisikia pia, lakini yeye akageuza." Kisha unawaongezea chicha.

Ijumaa iliyopita Choque alishuka kutoka El Alto kunitembelea. Siku hizi anatengeneza baiskeli, na bado ananiita Luteni ingawa nilistaafu nikiwa Luteni Kanali, eti cheo alichonijulia ndicho kinachomtosha. Nikamwonyesha barua ya Meya. Akaisoma polepole, shavu limejaa majani ya koka, akairudisha. Akaniuliza, "Sasa Luteni, utasimama pale kwa uso upi?" Nikamwambia asinianze. Akasema, "Mimi nilikaa kiti cha kulia. Miaka thelathini nimekaa kimya kwa sababu nishani ni kitu cha kifuani, ukivua koti haionekani. Lakini kiwanja? Kiwanja watu watakitaja kila siku. Mjamzito atasema napelekwa kwa Lucindo. Utalala?" Hortensia alikuwa mlangoni na sinia la chai. Aliuliza kuna nini, na Choque akamwambia aniulize mimi. Akaniuliza. Nikamwambia usiku ule ule, na sasa ni zamu yako, wewe ambaye ulistahili kuwa wa kwanza.

Unaukumbuka mwaka wa yale mafuriko kwa maji. Mimi naukumbuka kwa Egberto Siles, rafiki yangu wa darasa moja, aliyejaribu kutua kwenye kiwanja kifupi chenye tope mwezi Januari, ndege ikateleza ikaingia msituni. Mimi ndiye niliyepeleka jeneza kwa mama yake. Kuanzia siku hiyo, Dada, niliogopa. Sikuwaambia watu. Nilikuwa nasimama mbele ya ndege nakagua magurudumu mara tatu, mara nne, mpaka Choque akawa ananitania kwamba yatachakaa kwa kutazamwa.

Alhamisi ile kabla ya kanivali tuliondoka mjini Trinidad, ndege tupu, mimi na Choque tu, rubani msaidizi alikuwa kitandani na homa ya malaria. Amri yetu ilikuwa kurudi El Alto kuchukua unga. Dakika ishirini baada ya kuruka, redio ya upepo ikaanza kukwaruza, na ndani ya mikwaruzo nikamsikia Sista Klotilde. Alisema ndege yoyote inayomsikia. Alisema ni San Plácido, watu sitini na watatu, mji wote uko majini, kimebaki kipande cha kiwanja labda mita mia nne, na maji yanapanda. Akarudia. Sauti yake haikutetemeka hata kidogo, alikuwa kama anasoma matangazo ya misa.

Choque alinitazama. Akaniuliza kama huyo si Sista wa kwetu. Nikasema nimesikia. Akauliza kama dada yangu hayuko kule. Nikamjibu kwa ukali kwamba nimeshasema nimesikia. Halafu nikaanza kuhesabu kwa sauti, mita mia nne, tope, mawingu yameshuka, uzito wa ndege, na kila hesabu niliyoipiga niliipiga ili itoke hapana. Nikasema tutakwenda kwanza Las Garzas, kwa Don Bismark Antelo, kule ranchi iko mwinukoni na kiwanja ni cha mita mia tisa, tusubiri mvua ipungue, halafu tutaangalia. Choque akasema sawa, Luteni. Wewe unajua Choque anavyosema sawa.

Sista akaendelea kuita. Basi nikanyoosha mkono, Dada Docha, nikazungusha kile kidude cha sauti, nikamzima.

Nimeliandika. Nimekwenda dirishani nimerudi, na bado limeandikwa. Nilikusikieni mkiita na nikawazima, wewe ukiwa mmoja wenu, wewe uliyenibeba mgongoni Mama alipokuwa anafua nguo za watu. Hakuna hesabu nyingine.

Sasa nisikilize yaliyofuata, kwa sababu hata mimi hucheka nikiyakumbuka, na kicheko hicho ndicho kilichonisaidia kuishi nayo. Unajua jinsi sisi marubani wa nyama tulivyokuwa tunajua njia. Ramani za jeshi zilikuwa na mto mmoja pale penye minne. Tuliangalia mito yenyewe, na tuliangalia mapaa, kwa kuwa kila mwenye ranchi alipaka chapa ya ng'ombe wake juu ya bati kwa rangi nyekundu ili tusiende kupakia nyama ya jirani. Ya Don Bismark ilikuwa kiatu cha farasi chenye msalaba juu yake. Siku ile mito haikuwepo, nchi yote ilikuwa bwawa moja, na mawingu yalikuwa yamelala juu ya miti. Nikazunguka, nikazunguka, mafuta yanashuka. Kisha wingu likafunguka kidogo upande wangu wa kushoto, nikaona bati, na juu ya bati, kiatu cha farasi na msalaba, na pembeni yake mwanzo wa majani mafupi ya kiwanja. Nikamwambia Choque, Mungu ni mwema, tumefika kwa Don Bismark, leo tutakula nyama ya kuchoma. Nikateremsha magurudumu.

Mimi ningejuaje? Ulikuwa umeniandikia Krismasi kwamba marehemu shemeji Ascencio amepata mabati na jiko lako halivuji tena. Hukuandika kayapata wapi. Hukuandika kwamba Don Bismark ameezeka nyumba yake upya kwa vigae, kwamba Ascencio alimfanyia useremala miezi miwili na ujira wake ulikuwa mabati ya zamani. Wala hukuandika kwamba yule mtu mwenye mpangilio wake aliyavusha mto kwa mtumbwi na kuyapigilia kwa utaratibu ule ule yaliyokuwa nao, la pili baada ya la kwanza, ili matundu ya misumari yalingane. Angeyachanganya tu, hata moja, chapa ingevunjika. Ascencio hakuwahi kuchanganya kitu maishani mwake.

Tulipogusa majani nilijua kuna jambo. Don Bismark hakuwa na makaburi mwisho wa kiwanja. Maji yakaruka mpaka kwenye kioo, Choque akaanza kuwaita wakubwa wake wawili kwa pamoja, na ndege ikasimama pua ikiwa hatua kumi kutoka ukuta wa makaburi, alipolala babu. Nikafungua mlango. Watu wakawa wanakuja mbio majini, wanalia, wananishika miguu. Wewe ulikuwa mbele, sketi umeifunga kiunoni. Na mimi, shujaa wa taifa, neno langu la kwanza kwako lilikuwa, "Don Bismark yuko wapi?"

Nilitumaini hukusikia. Injini ya kulia ilikuwa bado inanguruma. Ulinivuta shingo ukanikumbatia, ukasema, "Don Bismark yuko kwake. Wewe uko kwenu." Niligeuka nikaangalia paa la jiko lako, nyumba ya mwisho, ukuta kwa ukuta na kiwanja, na pale pale nikaelewa. Nilikuwa nimekimbia kwetu kwa nguvu zote za injini mbili, na nikatua kwetu.

Mengine unayasimulia vizuri kuliko mimi, na hayo ni ya kweli. Tulivua viti, tukavua kila kilichovulika. Choque alimwagia gurudumu pombe kila tuliporuka. Tulibeba ishirini na mmoja, tukashusha Trinidad, tukarudi, tukabeba wengine, tukarudi tena. Kamanda aliniambia naweza kupumzika baada ya safari ya kwanza, nikakataa, sijui kwa ujasiri au kwa aibu, na mpaka leo sioni tofauti yake. Safari ya tatu kiwanja kilikuwa kimebaki kama uwanja wa mpira na wewe ukagoma kupanda bila cherehani. Choque akakuambia kwamba uzito hauruhusu, mama, chagua. Ukamwambia cherehani hii imemshonea Luteni wako suruali yake ya kwanza, muulize kama anaiacha. Akaitazama suruali niliyovaa, akaipakia cherehani.

Sasa jambo la mwisho, na hili ndilo linaloniuma kuliko kile kidude cha redio. Usiku huo kule Trinidad, kwenye shule mlikolazwa, Sista Klotilde alinitafuta. Nguo zake zilikuwa zimelowa mpaka kifuani, kwa kuwa alikaa kwenye ile redio hadi betri ilipoingia maji. Nilidhani amekuja kuniuliza. Akanishika mkono akasema, "Nisamehe, mwanangu. Redio yangu ni mbovu. Najua ulikuwa unanijibu, mimi ndiye nilikuwa sikusikii." Nami nikamjibu, "Si kitu, Sista." Hayo maneno matatu. Ningeweza kumwambia, tulikuwa wawili tu kwenye ukumbi ule. Ameondoka duniani miaka minane iliyopita akiamini redio yake ilikuwa mbovu.

Baadaye zikaja karatasi. Kanali aliandika kwamba Luteni Cayuba, baada ya kusikia wito, na bila kujali uhai wake, aligeuza ndege. Nilitaka kusema. Nakuapia nilikwenda mpaka mlangoni kwake. Alikuwa na furaha sana, alikuwa ameshauita mgahawa ulete saltenya, zile sambusa zetu za kuoka, za watu arobaini. Kisha ukaja wewe na Mama kwa gari la mizigo siku mbili, Mama amevaa viatu kwa mara ya pili maishani, na wewe ndiye uliyechaguliwa kuwa mama wa nishani, wa kunivisha. Nikamwona Mama amekaa mstari wa mbele, vipande vya karatasi za rangi vimejaa kwenye nywele zake, analia. Nikafunga mdomo. Nilisema nitamwambia akishazoea. Hakuzoea, aliifurahia mpaka alipokufa.

Ndiyo maana, Dada, sitaki kiwanja kiitwe jina langu. Choque anasema nisijitukane kupita kiasi, anasema mara ya kwanza nilitua kwa kosa na mara mbili nilitua kwa macho yangu, na kwamba mbili ni nyingi kuliko moja hata kwa hesabu za jeshi. Namshukuru. Nishani nitaendelea kuwa nayo kwa ajili ya hizo mbili, ukikubali ikae kabatini. Ukitaka kuitoa, itoe, ni kabati lako. Lakini kiwanja kina mwenyewe. Mwambie Nelvi kibao kiandikwe Sista Klotilde. Yeye aliita. Aliita mpaka maji yakamfika kifuani, na aliponikosa akanisingizia wema. Nimeshampigia simu fundi wa shaba, anasema herufi hazijachongwa bado. Mimi nitakuja, nitavua kitambaa, na nitahutubia, ila hotuba yangu itakuwa hii barua, kuanzia kwenye jeneza la Egberto mpaka hapa. Watu wacheke panapochekesha. Panapouma, nitasimama nivumilie.

Naogopa jambo moja tu, nalo si watu. Naogopa uso wako ukiwa mstari wa mbele, mahali alipokaa Mama. Miaka thelathini umekuwa ukiwaambia wageni kwamba niligeuza ndege, nami nimekuacha useme uongo bila kujua.

Au unajua? Hili ndilo Hortensia ameniuliza jana, na sikulala vizuri. Anasema niweke mambo mawili pamoja. La kwanza, barua yako ya Jumanne. Umeandika kwamba baraza linakupa mabati mapya ya nyumba nzima, bure, kwa kuwa wewe ni dada wa shujaa, na wewe umeyapokea yote isipokuwa ya jikoni. Yale sita ya zamani yana kutu, yanavuja, umeweka ndoo mbili chini yake, na umemwambia Nelvi hayaguswi. Nilipoisoma nilisema dada yangu amekuwa mkaidi kwa uzee. Hortensia akaniuliza lini hukuwa mkaidi, na kwa nini hayo sita.

La pili nilikuwa nimelizika mbali. Siku ile unanivisha nishani, mbele ya Kanali na bendi, ulinichoma pini mpaka kwenye ngozi, nikashtuka. Ukanirekebisha kola, ukaniinamia sikioni ukanong'ona, "Don Bismark anakusalimu." Nilijiambia ni salamu tu. Mzee yule alikuwa mtu wa salamu, alimsalimu kila mtu. Nimejiambia hivyo miaka thelathini, Dada, na jana nimechoka kujiambia.

Kama ulijua, basi ulijua tangu mlangoni mwa ndege, na ukawa kila mwaka unanisubiri nikuambie mwenyewe, huku unaweka ndoo. Samahani nimekawia.

Naomba unipokee kama ulivyonipokea siku ile, bila maswali mpaka nishibe. Msalimie Padre, wasalimie wacheza ngoma wote na uwaambie safari hii sitacheza, nilidondosha taji la manyoya mara ya mwisho. Msalimie Don Bismark ukienda makaburini, mwambie salamu zake zilifika. Hortensia anakukumbatia, anataka kujua kama umemwekea akiba ya jibini au paka amemaliza. Choque anakuja nasi, ameshanunua chupa ya kumwagia gurudumu, ingawa nimemweleza kwamba tunakuja kwa ndege ya abiria na hawatamruhusu. Goti lipakwe mafuta kila jioni, usiseme utapaka kesho.

Ni mimi mdogo wako, niliyekuwa mzigo mgongoni mwako na bado ni mzigo,

Lucindo Cayuba Roca
Luteni Kanali mstaafu (cheo hiki nimekiandika kwa ajili ya wageni wako)

Nyongeza: Nimekata tikiti ya tarehe tatu, kiti cha dirishani, upande wa kushoto. Asiyaguse mtu yale mabati sita kabla sijapita juu yake. Safari hii nikiyaona nitajua nimefika wapi.